Kanga iliyokunjwa jina ndiyo iliyonijazia tovuti

Nianze na huyu kijana wa semina, maana mpaka leo ananikera. Alitukusanya watu kama thelathini kwenye ukumbi mmoja hapa Dar, kila mtu katoa elfu hamsini, akashinda kutwa nzima akituambia biashara ya mtandaoni ni wafuasi. Ukiwa nao wengi, tovuti itajaa yenyewe. Mimi nauza kanga Kariakoo mwaka wa kumi na moja huu, najua duka kujaa watu na droo kujaa hela ni vitu viwili, lakini siku ile nilikaa kimya nikaandika kwenye daftari kama mtoto wa darasa la tatu.

Tovuti nilikuwa nayo tayari. Alinitengenezea mtoto wa kaka yangu, yuko chuo mwaka wa pili. Nilichoka kuulizwa bei. Unaweka picha moja Instagram, watu arobaini wanaandika "bei?", ukiwajibu "njoo DM" nusu yao wanakuona tapeli. Nikasema niwe na mahali pangu, kila doti na bei yake, lipa namba chini, mchezo umekwisha. Miezi mitatu ya kwanza walioingia ni mimi, huyo mpwa wangu, na mgeni mmoja kutoka Marekani aliyekuwa anakuja kila usiku. Nilimpenda sana yule Mmarekani. Nikaanza hadi kuulizia nauli ya mzigo wa kwenda huko, ndipo mpwa akanieleza kwa upole, "Shangazi, hiyo ni roboti tu inayopekua tovuti."

Basi nikafuata ya semina, nikanunua wafuasi. Elfu tano kwa kitu kama elfu thelathini na ushee. Nikalipa jioni, asubuhi nikaamka staa. Majina yao yalikuwa herufi na tarakimu, kama namba za chesesi. Hakuna aliyeuliza bei, na kwa siku mbili za kwanza niliona hiyo ni raha. Mmoja tu ndiye aliyeacha komenti, kwa Kireno. Mpwa akaitafsiri kwa simu, ikawa inasifia pikipiki. Picha ilikuwa ya kanga ya kisutu, nyekundu na nyeusi na nyeupe, imetandikwa juu ya kitanda. Nimeirudia kuitazama mara nyingi na pikipiki sijaiona.

Na wateja wangu wa kweli wakapungua kwenye picha zangu. Mpwa anasema picha huonyeshwa kwanza kwa baadhi ya wafuasi, wakiipita kimya haisukumwi mbele. Sasa mimi nilijinunulia watu elfu tano wa kunipita kimya.

Nikahamia kwenye tangazo la kulipia, kama laki na nusu kwa wiki moja. Hapo takwimu zilipendeza jamani: waliobonyeza linki walizidi elfu moja. Nikaagiza mifuko ya kufungashia. Tovuti kwa upande wake ikasema waliofika ni mia mbili na kitu, na walionunua wawili, mmoja wao dada yangu wa Morogoro. Nikajiuliza hao mia nane wamepotelea wapi. Kutoka Instagram hadi kwangu hakuna mto wa kuvuka.

Jibu nililipata saluni Mbagala, kichwa kimesukwa nusu. Binti anayenisuka nikamwambia hebu fungua tangazo langu kwenye simu yako. Akabonyeza, akaiweka simu juu ya kiti, akarudi kwenye kichwa. Kiduara kikaanza kuzunguka. Akamaliza msuko mmoja, kinazunguka. Akamaliza wa pili, kinazunguka. Nikasema labda mtandao mbovu. "Mama, mtandao upo, WhatsApp si hizi zinaingia? Mimi nina bando la mitandao tu, mambo ya nje hayafunguki."

Bando la mitandao! Lile la bei ndogo, linalokupa WhatsApp na Facebook na Instagram basi. Ukibonyeza linki inayokutoa humo, unahitaji MB za kawaida, na huna. Mimi nimelipa laki na nusu kuwaita watu wasio na nauli. Kule semina siku nzima hakuna aliyelitaja hilo, na nina hakika nusu ya ukumbi tulikuwa na bando hilohilo mfukoni.

Wenye MB nao tulikuwa tunawatesa. Picha moja ya kanga ilikuwa na MB 4, na ukurasa wa mbele ulikuwa na picha kumi na mbili zinazoteleza zenyewe kama pazia la harusi. MB 48 kumwonyesha mtu pindo! Mpwa akazipunguza zote zikawa chini ya KB 100, pindo linaonekana vilevile, na pazia tukalitoa (alinuna kidogo, ndilo alilojivunia). Kwa watu wa bando la mitandao tukaweka kitufe cha WhatsApp kwenye wasifu wa Instagram, waniulize humohumo. Kama huna nauli, nakufuata ulipo.

Sasa hii ya kukunja jina msidhani niliifikiria. Ilitokana na uvivu. Ilikuwa Jumatano, mzigo mpya umeingia, nimechoka, nikapiga picha doti moja ikiwa bado imekunjwa juu ya kaunta. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, na jina la ile lilikuwa limekatwa katikati na mkunjo. Lililoonekana ni NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE. Kilichobaki kiko chini ya kitambaa. Nikaitupa kwenye stetasi ya WhatsApp, nikaenda kupika.

Narudi, simu imejaa. Wanaoijua wamenimalizia: siogopi mtu kwa maneno yake. Wasioijua wamejitungia. Mmoja kaandika "siogopi wifi na nyumba yake." Mwingine, "sembuse wewe na kikoba chako." Mteja wangu wa Temeke, mama mtu mzima na heshima zake, kanitumia sauti ya dakika mbili akimwimbia mtu ambaye nadhani ni mke mwenzie. Na wote mwisho wanaandika kitu kimoja: tupe jibu.

Nilishaanza kuliandika. Kidole kiko kwenye herufi S. Nikajiuliza, kwa nini niwape hapa? Nikafuta, nikaweka linki ya ukurasa wa kanga ileile, nikaandika: "Imekunjuliwa huku." Usiku ule walioingia walikuwa mia na hamsini na ushee, kutoka kwa watu kama mia tatu na arobaini walioiona stetasi. Sikulipa hata senti. Kufikia Ijumaa doti tisa zimetoka. Kwa laki na nusu nilipata wateja wawili, kwa uvivu tisa.

Linki lazima impeleke mtu kwenye kanga ileile aliyoiona. Kabla ya hapo nilikuwa nawapeleka wote mlangoni, kwenye ukurasa wa mbele, wakifika wanakuta kanga sitini, wanaduwaa, wanarudi zao. Ni sawa na mtu kukuulizia doti uliyoitundika nje ukamwambia ingia ndani utafute.

Mara ya pili nilijimaliza mwenyewe. Nilichukua MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE, nikakunja vizuri pale kwenye KUMBE, nikaipeleka kwenye kundi la akina mama wa Tanga walioko Muscat, na linki chini. Kimya. Baadaye mmoja akaandika, "Bibi, jibu si hilo hapo?" Kutazama, WhatsApp imechomoa kijipicha kutoka kwenye tovuti na kukibandika juu ya linki, na kwenye kijipicha kanga imetandazwa yote, jina zima linasomeka! Walinicheka wiki nzima. Mpwa akabadilisha kijipicha akaweka cha kanga iliyokunjwa, lakini WhatsApp ikawa bado inaleta kile cha zamani, hadi alipoongeza ?a=2 mwishoni mwa linki, ikadhani ni ukurasa mwingine. Hilo nalijua kwa mkono wangu sasa, simwiti tena.

Majina mafupi hayakunjiki. WEMA HAUOZI utaikunja wapi? Yanayofaa ni yale yenye nusu mbili na yenye mdomo. JAPO SIPATI TAMAA SIKATI ilinipa wageni wengi, na maombi mawili ya uchumba. Wauza vitenge wameniuliza wao wafanyeje, nikawaambia kitenge hakina jina, tafuteni lenu.

Kitu kingine alichonifanyia mpwa ni kuweka mkia kwenye linki, utm_source=stetasi kwa ile ya WhatsApp, utm_source=insta kwa ya Instagram. Bila mkia, waliotoka WhatsApp takwimu zinawahesabu kama watu waliojileta wenyewe, ndiyo maana muda wote huo nilidhani WhatsApp hainisaidii. Tulipoangalia baada ya mwezi, Instagram yenye wafuasi karibu elfu tisa (toa wale wa pikipiki) ilileta robo ya waliokuja kwa stetasi. Sababu nyingine sikuwa nimeiwaza: Instagram ukiandika linki chini ya picha haibonyezeki. Mtu ainakili, atoke, aibandike. Nani ana muda huo? Ibonyezeke kwenye wasifu au kwenye stori, basi.

TikTok usiniulize sana. Video ya fundi wangu akikata doti na kupinda kwa cherehani ilitazamwa mara elfu arobaini, wageni kwenye tovuti kumi na tisa. Watu wanapenda ule mlio wa mkasi, kanga hawana habari nayo.

Stetasi nayo ina sharti lake: hawaioni mpaka mmesevu namba pande zote mbili. Kwa hiyo kila mzigo unaotoka, uwe wa boti ya Unguja au wa basi kule Mbezi, una karatasi ndani: "Nisevu, kila Jumatano kuna jina limekunjwa." Nilipoanza nilikuwa na watazamaji mia tatu na kitu, sasa hivi ni zaidi ya mia saba. Naweka saa tatu usiku, watu wameshakula. Asubuhi niliwahi kujaribu, wakaja kuniambia wako kwenye daladala na bando lenyewe wanalibana.

Na Wakenya. Mteja mmoja wa Mombasa aliniambia amepekua tovuti yangu yote hakuona leso hata moja. Zilikuwa sitini! Nilikuwa nimeandika kanga, kanga, kanga kila mahali, na yeye anatafuta leso, ndivyo wanavyoiita kanga kwao. Tangu siku hiyo kila ukurasa una maneno yote mawili, na Mombasa wameanza kuja wenyewe bila hata kitendawili.

Kijana wa semina alinipigia mwezi uliopita, anataka nije nitoe ushuhuda kwenye semina yake nyingine. Nimemwambia nitakuja akinirudishia elfu hamsini yangu. Bado anafikiria.

Binti wa saluni siku hizi anaweka MB kidogo kila Jumatano, na mara tatu kapatia kabla ya wote. Nimempa doti moja, akaikata palepale. Jana usiku nimeweka nyingine, nusu iko nje nusu iko chini. Sijafika hata jikoni, mama mmoja wa Muscat kashajibu. Kakosea, lakini lake tamu kuliko la kwenye kanga.