Cherehani ya 1851

Mzee aliyeniuzia aliniapia kuwa cherehani yake ni ya mwaka 1851. "Si imeandikwa, mwanangu, huoni?" Naona. Kile kibati cha Singer kilichogongomewa kwenye shina kina 1851 kweli, lakini pia kina 1951. Nikamwambia, "Ami, hii ni alama ya miaka mia. 1851 ndipo kampuni ilipoanza." Akacheka. "Haya, basi ni ya 1951. Bado ni mkubwa wako, iamkie." Hapo ndipo tukaanza kupatana upya.

Kilichonipeleka Majengo, hapa Mombasa, ni leso. Nazinunua Biashara Street, na kila doti sharti likatwe, lipindwe. Mafundi wako pale pale nje ya maduka, wanakupindia ukisubiri, sina ugomvi nao. Lakini nina mapazia, nina foronya, na nina ndugu wa kike wanne Likoni wanaoniletea zao. Kuvuka feri kwa ajili ya mshono mmoja ulionyooka kumenichosha. Nilitaka ya miguu, maana kwetu stima ikiondoka haiagi.

Nililizungusha gurudumu kwa mkono, polepole. Lilikuwa zito, ila lilimaliza mzunguko bila kukwama. Uzito huwa ni mafuta ya zamani yaliyoganda. Ikikwama pale pale kila mzunguko, shukuru uende zako. Kisha nikachungulia kama boksi la bobini, kile kikasha cha uzi wa chini, limo. Limo. Hii ni ile Singer aina ya 15, ambayo cherehani za Butterfly za Kichina zimefuata umbo lake, kwa hivyo bobini na sindano si za kuhangaikia. Kutu ilikuwa kwenye miguu ya meza tu. Hewa ya bahari haina adabu kwa chuma.

Alitaka elfu kumi na mbili, nikampa elfu nane na mia tano. Mkokoteni juu yangu. Kwenye feri hamali aliulizwa mara tatu kama anahamisha bibi harusi.

Nyumbani nikadondoshea mafuta ya taa kila kitundu cha mafuta, nikaiacha ilale, asubuhi nikapangusa na kutia mafuta ya cherehani yenyewe. Gurudumu likawa jepesi hadi raha. Nikaweka kitambaa: inashona mbili, inaruka tatu. Jirani yetu, fundi wa miaka mingi, akaiangalia kwa dirishani akasema shatli, ile ndoana inayonasa uzi chini ya sindano, imekwisha, ninunue nyingine. Siku mbili nikakaza uzi, nikalegeza, nikakaza tena. Nilikaribia kumpigia yule mzee maneno.

Kumbe sindano. Kwenye hii, upande wake bapa hutazama kushoto na uzi huingia kutoka kulia. Mimi nilikuwa nimeigeuza, bapa kulia, na niliitia mwenyewe kwa mikono yangu hii nilipobadilisha ile ya zamani. Jirani sijamwambia.

Jana usiku nimepinda madoti mawili, stima haipo, taa ya simu imeegemezwa kwenye kikombe. Mamangu akaichukua leso moja, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye upindo wote. Hakusema kitu. Akaingia chumbani, akarudi na madera matatu.