Ndoo inavuja

Wete, Jumapili usiku

Sura ya tisa ya riwaya yangu imekwama tena. Jemadari wa pwani na yule mwanamke wa milimani anayewaamuru majini wameshaingia pangoni, nyuma yao linakuja jeshi la tatu lisilobagua wa kumuua, na mie natakiwa niwafanye washikamane. Nimewaandika mara nne. Mara ya kwanza walipeana mikono. Mara ya pili mmoja alimkinga mwenzake na mkuki, wakatazamana, nyoyo zikalainika. Nilipoisoma asubuhi niliona haya. Watu waliochinjana miaka kumi hawalainiki kwa mkuki mmoja. (Majina yao nimeyabadilisha mara tatu, kwa hivyo siyataji.)

Wazo la riwaya hii niliokota kwenye historia ya Mombasa. Mwaka 1589 Waturuki wa Mir Ali Bey walikuwa kisiwani, Wareno wamekuja na merikebu zao kuwang'oa, na ng'ambo ya maji, upande wa bara, wamepiga kambi Wazimba, wanaosimuliwa kuwa walikuwa wakila watu. Wareno wakawaachia Wazimba wavuke. Watu wa kisiwani, Waturuki na wenyeji, wakajitupa baharini kukimbilia kwa Wareno wale wale waliokuwa wakipigana nao, maana mateka angalau huamka kesho. Mir Ali mwenyewe aliokotwa humo, akaishia kupelekwa Lisbon. Huwa namfikiria mtu mmoja tu katika mkasa ule, nisiyemjua jina: yumo majini, kashika ubavu wa mashua, na aliye juu anamtazama kabla hajaamua kumvuta.

Lakini hapo ni dakika moja. Kinachonishinda ni kesho yake. Nani atapika? Nani atalala mgongo wake ukimwelekea nani?

Jana nilikuwa na shughuli Chake Chake, ilipokwisha nikachukua bodaboda hadi Pujini, kwenye magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba. Hadithi zake zimejaa ukatili, inasemwa aliwabebesha watu mawe huku wakijiburura kwa makalio, na humo mna mambo mengi ya kumwibia mwandishi wa vita. Mie nilikifuata kisima. Husimuliwa kwamba alikuwa na wake wawili wasiopikika chungu kimoja, basi akakijengea kisima ukuta katikati. Mmoja akiteka kwa ndoo na kamba kutoka juu, mwenziwe akishuka kwa ngazi upande wa pili. Maji yale yale. Nilikaa pale mpaka kijana wa bodaboda akaanza kupiga honi. Nilikuwa najiuliza kama yule wa ngazini hakuwa akiisikia ndoo ya mwenziwe ikigonga maji, na kama hakuwahi kuingoja.

Leo mchana nikamchokoza bibi, naye yupo juu ya mbuzi anakuna nazi. Baada ya uchaguzi wa 1995 mtaa wetu uligawika kwa bendera za vyama. Duka la huyu haliingii yule, gari ya abiria unaangalia kwanza ya nani, na hata maziko watu walisusiana. Bibi na jirani wa mkabala, waliokuwa wakiazimana hadi chumvi, hawakusemezana miaka.

"Lakini mlipatana baada ya maridhiano," nikamwambia. Nilikuwa na tarehe zangu tayari: tarehe 5 Novemba 2009, Rais Karume wa Zanzibar na Maalim Seif wa upinzani kukutana Ikulu, tarehe 31 Julai 2010, kura ya maoni, asilimia 66.4 wakakubali serikali ya pamoja.

Bibi hakuacha kukuna. "Hao walichelewa. Sie tulishaanza zamani."

"Mlianzaje?"

"Kisimani. Bomba lilikuwa halitoi, na kisima ni kimoja. Mie nateka, yeye yuko nyuma yangu anangoja zamu, kimya. Mara akasema, 'Ndoo yako inavuja.'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, 'Naijua.'"

"Basi?"

"Basi nini tena? Nikajitwika nikaenda zangu, nimerowa mpaka mgongoni. Kesho yake nimefika, nimemkuta na kidonge cha lami kwenye jani. Hakunipa mkononi, alikiweka juu ya ukingo." Akakikung'uta kifuu, akachukua kipande kingine. "Na mie sikukichukua siku hiyo, usinione hivi. Nilikichukua siku ya pili."

Nimeufuta mkuki, na ile hotuba ya kurasa mbili nayo nimeitoa, ingawa nilikuwa naipenda kweli. Majini nimewaacha nje ya pango wapumzike. Ndani mna chemchemi moja, jemadari kachutama anajaza kiriba, na kiriba kina tundu. Yule mwanamke kasimama nyuma yake, keshaliona. Ni saa sita na robo na bado hajasema kitu.