Mjomba, Sigara na Heshima

Hapa Kenya ni rahisi kumkataza mtu usiyemjua asivute sigara kuliko kumkataza mjomba wako. Wazo hili limekuwa likinizunguka tangu Idi, nami naliandika kabla halijapoa.

Ninayakumbuka matatu ya zamani, moshi umetanda ndani na abiria wamenyamaza kama kwamba ndivyo safari ilivyopangwa. Kisha ikaja sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007, ikaanza kutumika 2008, na leo mtu akithubutu kuwasha ndani ya gari, kondakta hana haja hata ya kufungua mdomo. Abiria watammaliza wenyewe.

Nyumbani ni habari nyingine. Katika kabati la vyombo vya wageni mama anacho kisahani cha majivu, cha kioo kizito, na kwetu hakuna mvutaji hata mmoja. Ni cha wageni. Mjomba akiingia, hutolewa kahawa, halua, na kisahani kile, bila yeye kuomba. Mwanangu ana pumu. Akianza kukohoa, husikia, "Hebu nenda kachezee chumbani." Yaani sigara inabaki sebuleni, anayeondolewa ni mtoto! Heshima yetu yote inaelekea upande mmoja, wa yule aliyeshika kiberiti.

Nimesoma habari za daktari Mjapani, Takeshi Hirayama, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1981. Aliwafuatilia kwa miaka mingi wanawake zaidi ya 90,000 wasiovuta sigara, akakuta kwamba wale walioolewa na wavutaji walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu, na kadiri mume alivyovuta sana ndivyo hatari ya mke ilivyopanda. Makampuni ya tumbaku yalimwandama kwelikweli, lakini tafiti za baadaye zilimuunga mkono. Mimi huwaza zaidi kuhusu wanawake wenyewe. Wangapi kati yao waliwahi kumwambia mume, "Toka nje na hiyo"? Nadhani wachache mno. Mama yangu angewaelewa bila mkalimani.

Tena moshi mwingi unaojaa sebuleni si ule anaoupuliza mvutaji. Ni ule unaopanda kutoka kwenye ncha ya sigara inapoungua yenyewe kati ya vidole, haukupita kwenye kichungi wala kwenye kifua cha mtu. Mjomba hupenda hadithi ndefu, kwa hiyo nusu ya sigara yake huungua hivyo hivyo, sisi tukiivuta kwa niaba yake. Kufungua dirisha hupunguza harufu, na harufu ikipungua tunajidanganya kwamba mambo yamekwisha. Ripoti ya daktari mkuu wa serikali ya Marekani ya mwaka 2006 ilisema wazi kuwa hakuna kiwango cha moshi huu kisicho na madhara.

Basi Idi hii nilimwamkia, nikampa kahawa, nikasema, "Mjomba, niwie radhi, kijana ana pumu. Nimekuwekea kiti barazani, kahawa nitakuletea huko huko." Akanitazama. "Siku hizi nyumba zenu zina masharti kama uwanja wa ndege," akasema, akatoka. Mama hakusema nami mpaka Magharibi. Mjomba naye, baada ya kununa kidogo, alipata wasikilizaji huko barazani, na hadithi zikaendelea kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Kumbe la mjomba lilikuwa jepesi. Linalonishinda ni la ndugu yangu mdogo, mhudumu katika hoteli moja ya pwani. Sheria inaruhusu mahali pa kazi kutenga chumba cha wavutaji, kilichozibwa kutoka sakafuni hadi darini ili moshi usitoroke. Wateja wengine wamekingwa, sawa. Lakini vinywaji haviingii humo vyenyewe, na vichungi havijiokoti. Usiku akirudi, shati lake linanuka kuliko la mjomba, naye hajawahi kutia sigara mdomoni. Nimemsihi azungumze na meneja ahamishwe zamu. Hataki. Anasema wateja wa chumba kile ndio wenye bakshishi nzuri, na karo ya muhula ujao bado hajaimaliza.