Vile nilipunguza pesa ya kustrimu, na mahali matangazo yaliingia

Niseme mapema, mimi matangazo hayanisumbui kivile. Tumelelewa na TV ya Great Wall ya inchi 14, unangoja taarifa ya saa moja, sabuni, unga, sabuni tena, na hakuna mtu alilalamika. Kwa hivyo binamu yangu wa Dallas aliponiambia wamehamia Netflix ya matangazo, mimi nilimuuliza bei tu. Netflix walipandisha bei Marekani Januari 2025, ile ya kawaida ikaenda dola 17.99 kwa mwezi na ya matangazo 7.99, sasa hapo kuna mtu anahitaji kuhesabu kweli? Yeye kinachomkera ni dawa tu. Kule dawa za kuandikiwa na daktari zinatangazwa kwa TV, mama anatembea ufuoni na mbwa wake anacheka, huku sauti inasoma madhara haraka haraka, kuhara, kuzimia, kifo, halafu sirizi inaendelea kama hakuna kitu.

Mimi nilikuwa na shida tofauti hapa Kahawa West, Nairobi. Tulikuwa na apu tatu, zote zinakata kwa ile kadi ya M-Pesa GlobalPay, ya kulipia vitu vya mtandaoni, wifi ya nyumba iko kando, na bado kila wiki nanunua bando ju jioni jam ya Thika Road unaweza maliza episodi nzima kabla ufike Roysambu. Nikakaa chini na mama watoto tukapitia stetimenti ya M-Pesa mstari kwa mstari, akiwa na kalamu, na huyo ukimpa kalamu hakuna kitu kinapona. Apu zilikuwa na pesa yake sawa, lakini bando ndio ilikuwa inatumaliza, vile vipande vya mia mia ambavyo ukinunua hata husikii.

Tulichofanya ni hiki, apu inabaki moja tu kwa wakati. Tukimaliza tunachotaka huko tunakatiza, mwezi unaofuata tunaingia kwa nyingine, hakuna mkataba wa kukufunga na ukirudi unapata akaunti yako vile uliiacha. Watoto wako YouTube kwa TV, ya bure na matangazo yake, wamejua kungoja kitufe cha kuruka kuliko mimi. Na mimi usiku kabla nilale napakua episodi kwa wifi, asubuhi naingia matatu data ikiwa imezimwa kabisa. Hii ya kupakua ndio imeokoa pesa kuliko zingine zote, na stima ikipotea, si unajua mambo ya stima, bado kuna kitu cha kutazama.

Sasa ndio nikaelewa kwa nini hiyo pakeji ya binamu yangu haiwezi nifaa vile inamfaa yeye. Netflix wenyewe wanasema video ya kiwango cha kawaida inakula karibu GB 1 kwa saa, na ile pakeji ilipoanza Novemba 2022 ilikuwa na matangazo ya dakika 4 au 5 kila saa. Piga hesabu, dakika 5 ni kama MB 80. Kwa wifi ya nyumbani hizo ni bure, zipite tu, mimi naenda kuangalia chai. Lakini kwa bando hizo MB nimezinunua mimi, kwa hivyo natazama tangazo la mtu na nauli ya hilo tangazo nalipa mimi! Tena ilipoanza hukuwa unaruhusiwa kupakua, wakaja kuongeza hiyo baadaye. Mtu wa Dallas hajali, yeye anatazamia kwa kochi. Mtu wa matatu ukimnyima kupakua umemnyima kila kitu.

Kuna watu wanasema Wakenya hatupendi kulipia, mimi sikubali. Netflix walileta ya bure kabisa hapa 2021, ya simu za Android, haikuwa na matangazo wala haikuitisha kadi, wakaifunga Novemba 2023. Niliitumia na nilikuwa na amani, ila ilikuwa na vitu vichache na ni simu tu, TV hapana. Nyumba yenye watoto hiyo haikutosha, ndio maana hata ya bure ikiwepo bado tulikuwa tunalipia.

Mama watoto yeye anasema ya matangazo ikifika hapa anaitaka kwa TV ya sebuleni, ju jioni yeye anasikiliza tu akipika, skrini haangalii. Mimi nimemwambia sawa, lakini isipite bob 150 na kupakua kuwe ndani. Wakiitisha 250 naongeza kidogo nipate isiyo na matangazo. Mazungumzo tumeyaacha hapo, yeye anasema hata 200 angelipa.