Mguu Wangu Ulisingiziwa

Jumapili, usiku

Glavu bado zinanuka breki. Nimekaa sakafuni na simu mkononi, naangalia mistari miwili ya kasi ya gari langu inayokimbizana kwenye kioo chake, ya leo kwenye uwanja wa mbio. Mwekundu ni mzunguko wangu wa 7, wa bluu ni wa 11. Ule wa 7 nilishuka nao garini nikijipiga kifua. Wa 11 sikuukumbuka hata kidogo.

Na wa 11 ndio uliokuwa wa haraka.

Ila nirudi nyuma kwanza, maana hadi simu ifike mahali pa kunisuta hivi, ilishanichezea sana. Mara ya kwanza kuipeleka uwanjani niliwasha programu ya kupima mizunguko, nikaitumbukiza kwenye kishikio cha vikombe, nikaondoka. Nilirudi na ramani ya maajabu: eti gari lilikata kona ya 4 kwa kupita katikati ya majani. GPS ya ndani ya simu, kwa kawaida, hutoa mahali ulipo mara 1 tu kwa sekunde. Kwa anayetembea kwa miguu hiyo ni anasa. Kwa gari lililo kwenye kilomita 180 kwa saa, sekunde 1 ni mita 50, na kona nzima inaweza kuambulia nukta mbili tatu ambazo programu inaziunga kwa mstari ulionyooka. Muda wa mzunguko wenyewe haukuwa mbaya, kwa kuwa programu hukadiria ni lini hasa ulivuka mstari wa mwisho kati ya nukta moja na nyingine. Lakini kuiuliza ulifunga breki wapi ni kujisumbua.

Kihisi cha mchapuko, kile cha ndani ya simu kinachopima inavyosukumwa huku na huku, nacho kilikuwa na yake. Kile husoma mara nyingi sana kwa sekunde, kwa hiyo nilikiamini zaidi. Kumbe simu ilikuwa inateleza ndani ya kishikio na kugonga ukingo kila nikigeuza usukani, na ikaniandikia 1.8 g (1 g ni nguvu sawa na ya mvuto wa dunia). Matairi yangu ni ya barabarani, ya kawaida kabisa. Yakishika vizuri yanaishia karibu na 1 g. Nilimwonyesha mzee mmoja ambaye amekuwa kwenye mbio hizi tangu siku za saa ya mkononi na daftari. Akavua miwani, akacheka.

“Mwanangu, hiyo 1.8 ni ya simu. Gari halimo.”

Ndipo nikanunua kipokezi cha nje, kidude kidogo kinachosoma satelaiti mara 10 kwa sekunde na kuitumia simu habari kwa Bluetooth. Nakibandika juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele, mahali kinapoona anga. Sasa kwenye 180 nukta ziko mita 5 tu kutoka moja hadi nyingine. Kitu kilichonifurahisha zaidi kujifunza ni kwamba kasi haipatikani kwa kupima umbali kati ya nukta na kugawa kwa muda. Kipokezi kinasikiliza jinsi mawimbi ya satelaiti yanavyobadilika kadiri unavyosogea, kama king'ora cha gari la wagonjwa kinavyobadilika sauti kikikupita. Kwa hiyo hata mahali pakikosewa kwa mita mbili tatu, kasi inabaki ya kuaminika. Ndiyo maana naangalia grafu ya kasi kwanza, ramani baadaye.

Joto ni adui mwingine. Siku moja nilifunga simu kwenye kioo, jua likiichoma kwa mbele na chaja ikiichemsha kwa nyuma. Katikati ya kipindi ikajizima. Mzunguko wangu bora kuliko yote ulipotea hapo, na utabaki kuwa bora daima kwa sababu hakuna wa kunibishia. Tangu siku hiyo simu inakaa chini, mbali na jua, imefungwa kwa nguvu isije ikaruka kama jiwe nikigonga kitu. Naanza kurekodi kabla ya kutoka na siigusi hadi nirudi. Kuna wanaoendesha huku wakitazama namba ya kijani na nyekundu inayowaambia wamepata au wamepoteza sehemu ngapi za sekunde. Nilijaribu mara moja, nikafika kona ya kwanza macho yangu yakiwa bado kwenye namba. Basi.

Turudi kwenye mistari yangu. Yule mzee alinifundisha kulinganisha kasi kwa umbali, si kwa muda. Ukilinganisha kwa muda, gari lililotangulia kidogo linakuwa mahali pengine kabisa, na unalinganisha breki za kona hii na mafuta ya kona ile. Ukilinganisha kwa umbali, mistari yote miwili inasimama kwenye lami ileile.

Kona ya 3, kabla ya sehemu ndefu iliyonyooka, ndiyo kona niliyojivunia. Mzunguko wa 7 nilichelewa kufunga breki hadi tumbo likakaza. Kwenye grafu, mstari mwekundu unabaki juu kama mita 12 zaidi ya wa bluu. Halafu unaporomoka hadi kilomita 71 kwa saa, na unakaa huko chini. Wa bluu, siku hiyohiyo, gari lilelile, unaanza kushuka mapema, unafika chini kwenye 78, na tayari unapanda wakati mwekundu bado unatafuta pa kutokea. Mwisho wa mnyooko mwekundu una 168, bluu ina 172. Nilichopata kwa ujasiri kwenye breki kilikuwa kama sehemu 1 ya 10 ya sekunde. Nilichopoteza kutoka pale hadi kona inayofuata kilikuwa kama mara nne yake.

Na kwa nini mzunguko wa 11 nilifunga breki mapema? Nimekumbuka sasa hivi. Mbele yangu kulikuwa na gari la polepole, nikaliachia nafasi. Sikuwa najaribu chochote.

Kuna kosa jingine dogo, na hili limo kwenye kila mzunguko, mwekundu na bluu. Kati ya kuachia mafuta na kukanyaga breki, grafu inalala kidogo. Haipandi, haishuki sawasawa. Nimehesabu: karibu nusu sekunde. Kwenye kilomita 140 kwa saa hiyo ni zaidi ya mita 19 ambazo mguu wangu uko hewani, hauendeshi wala hausimamishi. Ningeapa mbele ya mtu yeyote kwamba sifanyi hivyo. (Programu pia inaugawa uwanja vipande, inajumlisha vipande vyangu bora kutoka mizunguko tofauti na kunipa “mzunguko kamili” ambao sijawahi kuuendesha. Siuamini. Kipande kimoja bora mara nyingi nilikipata kwa kuharibu kinachofuata.)

Lakini lililoniuma leo ni jingine. Wiki iliyopita nilichomeka kidude kwenye tundu la uchunguzi la gari, lile ambalo mafundi hutumia kusoma hitilafu, ili simu ione pia nimekanyaga mafuta kiasi gani. Grafu ya leo inasema kwamba kwenye sehemu zote zilizonyooka sikuwahi kuvuka asilimia 81. Hata mara moja. Nilipoiona nilinyong'onyea. Nimekuwa mwoga kiasi hicho? Mguu wa kulia ulikuwa unajizuia mwaka mzima bila mimi kujua? Nikatunga maelezo: kiti kiko nyuma mno, viatu ni vinene, pengine kapeti limejikunja chini ya pedali.

Mwishoni nikachukua tochi, nikashuka hadi kwenye gari. Nikawasha swichi bila kuwasha injini, nikaweka simu gotini. Kwanza kapeti: liko sawa, nikaling'oa hata hivyo. Kisha nikakanyaga pedali polepole hadi ikagota chini na mguu haukuwa na pa kwenda.

81.

Nikakanyaga tena kwa nguvu zote, kama mtu anayeua nge. 81. Kihisi cha gari hili kinaishia hapo. 81 yake ndiyo mia yangu. Nimeandika kwenye faili la leo, pembeni ya mzunguko wa 7: mafuta kamili = 81. Ile nusu sekunde ya mguu kuelea hewani nimeiacha kama ilivyo, maana hiyo ni yangu kweli.