Starlet yangu na Land Rover ya mjomba

Mimi nina Toyota Starlet EP82, kigari cha milango mitatu chenye injini ya petroli ya lita 1.3, naye mjomba wangu ana Land Rover 110 yenye injini ya dizeli ya 300Tdi ya lita 2.5. Nimeyaendesha yote mawili kwenye njia zilezile za udongo mwekundu huko milimani Lushoto, na tofauti iliyonisumbua zaidi si ukubwa, bali ni magurudumu yapi yanavuta.

Starlet huvutwa na magurudumu ya mbele, na kwa kuwa injini na gia boksi vimekalia papo hapo juu yake, kwenye tope la tambarare hupita vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Mlimani mambo hugeuka: uzito huhamia nyuma, nazo tairi za mbele huanza kuzunguka bure. Masika yaliyopita nililazimika kugeuza gari nikapanda kwa rivasi, ili uzito uyaangukie magurudumu yanayovuta, shingo nimeipinda hadi ikauma, huku watoto waliotoka shule wakinishangilia. Nilifika.

Land Rover ilinifunza kwa aibu. Kwa kuwa nilijua kwamba magurudumu yake yote manne huvuta wakati wote, niliingia mtaroni bila wasiwasi, gurudumu moja la nyuma likaning'inia hewani na gari likagoma kusogea, kwa sababu difu ya katikati, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, isipofungwa, mwendo wote huishia kwenye gurudumu lisilogusa chini. Mjomba alinyoosha mkono, akakisukuma pembeni kile kigia kifupi kinachoifunga difu hiyo, na magurudumu ya mbele yakatutoa taratibu.

“Mpwa wangu, hiki hakikuwekwa kuwa pambo,” akasema.

Kwa matunzo, Starlet haina makuu, ila mpira unaofunika jointi ya ekseli ya mbele ukichanika, grisi hutoka na mchanga huingia, jointi ikalika. Land Rover ina difu tatu na propela shafti mbili, vyuma virefu vinavyopeleka mzunguko mbele na nyuma, na kila kiungo kina sili yake ya kuvujisha oili. Bodi yake ya aluminiamu haili kutu, lakini chesisi ni ya chuma, ndiyo maana kila mwaka mjomba hulala chini yake na nyundo ndogo, akigonga na kusikiliza.

Wiki hii Starlet imeanza kulia “ka-ka-ka” ninapokata kona ya kulia. Jointi nimeiagiza, Jumamosi nitaazima Land Rover.