Turbo ilikuwa nzima, mpira ndio ulipasuka

Gari langu ni sedani ya Kijerumani, viti vya ngozi, injini ya turbo, ile feni inayosukuma hewa zaidi kwenye injini. Mwezi uliopita, nikitoka Morogoro kurudi Dodoma, likaanza kuzubaa kwenye vilima vya kuingia Gairo. Nikikanyaga mafuta nasikia "fsss", taa ya injini inawaka, gari linavuta kama bajaji iliyobeba mahindi.

Fundi wa kwanza hata hakuinama. "Turbo imekufa, bosi. Andaa milioni mbili na nusu." Nikamshukuru, nikaondoka.

Wa pili, mzee mmoja wa Majengo, alifungua mpira wa hewa (bomba la kupitishia hewa ya turbo), akaingiza vidole, akatikisa shafti ya turbo. Ilicheza kidogo sana pembeni; mbele na nyuma haikusogea. "Hii nzima, mwanangu." Akaziba njia ya hewa, akajaza upepo kidogo wa kompresa, akamwagia mipira yote maji ya sabuni. Povu likachemka chini ya mpira unaotoka kwenye intakula, kile kipoza hewa ya turbo. Palepale penye ufa palikuwa na utando wa oili ulionasa vumbi jekundu la kwetu. Ningekuwa nainama kukagua, ningeuona mwenyewe.

Mpira ulikuja na basi kutoka Kariakoo, 85,000, pamoja na klipu mbili. Taa ya injini tukaizima kwa mashine ya kusomea hitilafu.

Wenzangu husema magari haya si ya Dodoma. Basi Jumamosi nilirudi Gairo makusudi. Lori la saruji nililipita kilimani na redio sikuigusa, nisikie kama ile "fsss" ipo.